Mwisho Ambao Nukta Aliubadilisha

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza baba yetu, familia imenituma mimi, mtoto wake wa kwanza, niwasomee maisha yake kwa kifupi, na neno hilo kifupi nimelitia kwa kumwogopa yeye mwenyewe, kwa sababu kila aliporudi kutoka msibani alikuwa akivua koti na kumlalamikia mama kwamba marehemu wa watu ameelezwa kwa maneno mengi mno, na nusu yake ni sifa ambazo mwenyewe asingezitambua hata akiamka. Kwa hiyo leo tutasema yaliyokuwapo, mazuri na yale yaliyomuuma, na mtatuwia radhi pale sentensi zitakaporefuka, maana aliyekuwa akizikata ndiye huyu aliyelala mbele yetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya shule ambako babu yetu alikuwa fundi seremala, akitengeneza madawati na viti vilivyovunjwa na watoto wa watu. Mwaka 1955, alipokuwa na umri wa miaka tisa, bibi yetu aliugua ghafla na kufariki, na watu wazima wa nyumba ile, kwa huruma yao, wakakubaliana kumwambia yeye na wadogo zake kwamba mama amesafiri na atarudi. Basi kila jioni mtoto yule alikaa dirishani pa chumba cha mbele, akitazama barabara, akiwakataza wadogo zake kula chakula chote ili mama akija akute chake, mpaka siku moja walipogombana na mwenzake kwenye mchezo wa gololi na yule mwenzake akamtupia maneno, "Nenda kamlilie mama yako aliyekufa." Baba alituambia sisi watoto wake, tulipokuwa wakubwa, kwamba siku ile hakulia kwa sababu ya kifo, alilia kwa sababu nyumba nzima ilijua isipokuwa yeye, na tangu hapo akawa mtu asiyeweza kufarijiwa kwa uongo, hata uwe mdogo kiasi gani, na tabia hiyo, ndugu zangu, ndiyo iliyomfanya awe mhariri aliyeheshimiwa, na ndiyo hiyohiyo iliyokuja kumponza.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi papo hapo nyuma ya nyumba yao kuanzia mwaka 1954 hadi 1961, akajiunga na sekondari mwaka 1962 na kumaliza mwaka 1965. Jina la Nukta, ambalo wengi wenu mlilijua kabla ya jina aliloitwa na wazazi wake, alilipata sekondari, pale mkuu wa shule alipobandika mlangoni tangazo refu lisilo na pumziko tangu juu mpaka chini, naye akachukua penseli na kulitia nukta mahali pote palipostahili, akanaswa akiwa hajamaliza aya ya mwisho, akapewa adhabu ya kufyeka nyasi za uwanja mzima, na wenzake waliopita wakimcheka wakamwita Nukta. Jina likamganda, hata mama yetu alimwita hivyo, na akimwita kwa jina lake halisi sisi watoto tulijua kwamba leo kuna jambo.

Mwaka 1967 aliajiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji akiwa msahihishaji, na mwaka 1972 akahamia kwenye jarida la hadithi lililokuwa likitoka kila mwezi, kwanza akiwa mhariri msaidizi, na kuanzia mwaka 1979 akiwa mhariri. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la viatu, kwa hiyo hadithi zote za nchi zilisomwa katikati ya harufu ya ngozi na gundi, kwenye meza mbili zilizoegemezwa ukutani ili zisiyumbe, na bahasha zilipangwa sakafuni kwa sababu rafu ilikuwa imejaa tangu enzi za mhariri aliyemtangulia. Waliomwandikia walikuwa walimu, askari, wauguzi, makondakta, watu waliotoroka usingizi ili waandike, naye aliwajibu wote, kila barua ikianza na maneno "Kazi yako imefika", hata wale aliowakataa, na aliowakataa walikuwa wengi. Yuko mwandishi mmoja aliyepanda ngazi zile akiwa ameongozana na kaka yake, pande la mtu, aje kudai kwa nini hadithi ya mdogo wake imekatwa kurasa tatu, na baba akamwomba yule kaka aketi, akamsomea kwa sauti kurasa zote tatu bila kuruka neno, na ilipofika katikati ya ukurasa wa pili yule kaka alikuwa amelala kitini, na kesi ikaishia hapo.

Mwaka 1974, tarehe 6 Julai, alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani aliyeitwa kushona mapazia ya ofisi ile, ambaye Nukta alimwambia mapazia ni marefu mno, yakatwe, naye akamjibu bila kuinua macho, "Pazia si sentensi, kaka yangu, jua litaingia." Walijaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1975, na wadogo zangu wawili wa kiume mwaka 1978 na 1983, na mapazia yale yalidumu ofisini kuliko waajiriwa wote.

Sasa ndugu zangu, tunafika mahali ambapo familia ilikaa na kujadiliana kama pasomwe au pasisomwe, na mama akakata shauri kwa kusema kwamba tukiliacha hili tutakuwa tumemzika mtu mwingine.

Mwaka 1980 ofisi ile ililetewa hadithi na mwanamke aliyekuwa mpiga chapa wa mahakama, ambaye mchana alichapa hukumu za watu na jioni akaandika hadithi, naye kwetu sote aliitwa Karani, jina ambalo amekubali nilitumie leo. Baba aliisoma hadithi ile akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena, akaikata maneno machache tu, na aliporudi nyumbani alimwambia mama, "Leo nimepata mwandishi." Kwa miaka minne Karani aliandika na baba akahariri, walionana mara chache, walibishana kwa vijikaratasi vilivyobanwa kwenye miswada, yeye akiandika kwamba mhusika wake hawezi kusema hivyo, baba akijibu kwamba basi asiseme kabisa, na kidogo kidogo wakazoeana kama wanavyozoeana watu wanaobeba mzigo mmoja, huyu mbele na huyu nyuma. Kitu kimoja baba hakukijua, kwa kuwa Karani hakukisema kwa mtu yeyote wa jarida, nacho ni kwamba mwaka 1977 alifiwa na binti yake wa pekee, mwenye umri wa miaka saba, wakiwa safarini ndani ya treni, akimpeleka hospitali kubwa.

Mwaka 1984 Karani alileta hadithi ya mfululizo wa matoleo sita, juu ya mama anayesafiri kwa treni na mtoto mgonjwa, na nchi nzima ikashikwa nayo, watu wakawa wanasubiri jarida kibandani, wakisomeana kazini, wakiulizana yule mtoto amefika wapi. Sehemu ya mwisho ilipofika, baba akakuta kwamba katika ukurasa wa mwisho treni inasimama, mtoto anashuka kwa miguu yake mwenyewe, analalamika kwamba viatu vinambana, na mama yake anapiga magoti kumfungulia kamba, na hadithi inaishia hapo. Baba hakuupenda ukurasa ule, alimwona Karani amewahurumia wasomaji, akaona ni kilekile cha kumwambia mtoto mama amesafiri, akampigia simu mahakamani akaambiwa yuko likizo kwao, mbali, hapatikani, na mitambo ilikuwa inasubiri, fundi ameshakuja mara mbili kuuliza. Basi mchana ule akavuta kiti, akaandika yeye mwenyewe ukurasa mwingine, ambamo treni inasimama, abiria wote wanashuka, na mama anabaki amekaa, mtoto amefunikwa shuka miguuni pake, mpaka mfagiaji anamwambia tumefika, naye anajibu, "Najua." Akaupeleka mtamboni, chini yake likabaki jina la Karani.

Toleo lile liliisha vibandani, likachapwa tena, wasomaji walilia, ofisi ikapokea salamu kutoka kila upande, mwenye jarida akanunua soda kwa wafanyakazi wote, na watu waliojua kusoma walisema ule ndio ukurasa bora kuliko yote iliyowahi kuchapwa pale. Karani aliurudia mji baada ya likizo, akapanda ngazi zile, akiwa amevaa nguo za kazini, hakuketi. Alimwambia baba kwamba alikuwa na binti, akamwambia mwaka, akamwambia treni, halafu akasema, "Mara ya kwanza alifia mikononi mwangu. Mara hii amefia mikononi mwako." Karani akafika mlangoni, akageuka, akasema, "Na umeandika vizuri. Hilo ndilo siwezi kukusamehe." Akashuka, na kwa miaka kadhaa hakuandika tena.

Siku ile baba alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti cha mlangoni na viatu vyake miguuni, kitu ambacho mama hakukiruhusu, na mama alipotaka kusema akamwona uso, akavuta kiti kingine akakaa naye. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nakumbuka kwamba aliniita, akanishika kichwa, akaniuliza kama viatu vyangu vya shule vinanitosha, nami nikamjibu vinanitosha, akasema, "Vikibana useme, mwanangu, usione haya," na mimi sikuelewa kwa nini macho yake yalikuwa mekundu juu ya jambo la viatu.

Miezi michache baadaye alikwenda mahakamani, akamkuta Karani kwenye korido wakati wa chakula cha mchana, amekaa kwenye benchi la wenye kesi. Maneno yao baba alimsimulia mama, naye mama ametusimulia sisi. Karani alimuuliza, "Umekuja kufanya nini?" Baba akasema amekuja kuomba radhi. "Radhi utaniomba mimi," Karani akasema, "yeye utamwomba nani?" Baba akajaribu kujieleza, akamweleza habari za bibi yetu, za dirisha na chakula kilichobakishwa, akasema hakutaka wasomaji wadanganywe, na Karani alimsikiliza mpaka mwisho, kwa upole hata, kisha akamjibu maneno ambayo baba aliyarudia mpaka uzeeni, "Mimi sikudanganywa, kaka. Mimi ninajua alivyokufa, nilikuwapo. Nilitaka tu pawe na mahali pamoja duniani ambapo hakufa, na mahali penyewe palikuwa ukurasa mmoja, nawe ukaukata." Baba akamuuliza afanye nini. Akaambiwa, "Urudishe."

Kuurudisha haikuwa kazi ya mkono, mswada ulikuwepo kabatini, lakini jarida lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alipoombwa alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Watu wamelia, Nukta, wamelia wakanunua, sasa unataka uwaambie walilia bure?" Baba akaomba tena mwaka uliofuata, akakataliwa kwa maneno makali, akaonywa kwamba akiligusa suala lile tena atafute pa kwenda, naye alikuwa na watoto watatu, nyumba ya kupanga na mama mkwe mgonjwa, kwa hiyo akameza mate akakaa kimya. Ukimya ule haukumpenda. Alikonda, akawa anawarudishia waandishi miswada yao bila kugusa hata mkato, na waliozoea ukali wake wakadhani amewachoka, na hadithi zenyewe zikaanza kutoka mbichimbichi, maana mhariri anayeogopa kalamu yake hamsaidii mtu.

Mwezi Julai 1988 mwenye jarida alisafiri, na mama, ambaye alikuwa amechoka kuishi na mtu nusu, alimwambia mezani, sisi tukisikia, "Kama ni kufukuzwa, fukuzwa kwa jambo lenye kichwa na miguu." Toleo la mwezi ule likatoka na ukurasa wa Karani katikati, kama alivyouandika, viatu vinabana, mama amepiga magoti, na chini yake mistari miwili iliyosema kwamba huu ndio mwisho wa mwandishi, na ule wa miaka minne nyuma uliandikwa na mhariri bila idhini, na kosa ni la mhariri peke yake. Wiki haikuisha, unga ulimwagika. Aliteremka ngazi zile akiwa amebeba kikombe chake na kamusi, na wale mafundi viatu wa chini, waliomjua kwa miaka kumi na sita, walisimama wakamsaidia kubeba kamusi mpaka kituoni.

Tusiseme kwamba watu walimpongeza, kwa sababu wengi hawakumpongeza. Wapo waliomwambia amewaharibia kumbukumbu, kinyozi wake alimkatisha katikati ya kumnyoa akamwambia aliyekufa hafufuki, na mwanamke mmoja asiyemjua alimsimamisha sokoni akamwambia kwamba yeye pia alifiwa, na ukurasa ule wa kwanza ndio uliomfanya aone kuna mtu anajua, sasa mbona mnamnyang'anya. Baba alisema baadaye kwamba siku ile ndipo alipojua kuwa kurasa zote mbili zilikuwa za kweli, lakini mmoja tu ndio uliokuwa na haki ya kubeba jina lile. Karani mwenyewe, tuliambiwa na wenzake, alinunua nakala moja, akaisoma amesimama kibandani, akaomba ruhusa ya siku ile, na hakutuma neno.

Kwa miezi minane nyumba yetu iliendeshwa na cherehani ya mama, sare za shule zikiwa zimejaa mpaka kitandani, halafu mwaka 1989 baba akapata kazi ya kusahihisha kwenye kiwanda kingine cha uchapaji, si hadithi tena, ni kalenda, karatasi za maelezo ya dawa, kadi za mialiko na vitabu vya risiti. Aliifanya kazi ile bila kinyongo, aliwahi kurudisha kalenda nzima kwa sababu Februari ilikuwa na tarehe thelathini, na mteja alipolalamika kwamba anachelewa, baba akamwambia aende tu, atangulie, sisi wengine tutamkuta Machi.

Ilikuwa mwaka 1990, Aprili, ndipo Karani alipoingia kiwandani pale na bahasha, akampita bawabu, akapita mitambo, akamkuta Nukta kwenye kona yake kati ya marundo ya karatasi, akasema neno moja na la pili, "Soma. Usiguse." Baba aliitii amri ile kwa namna yake, akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo kama mtoto mbele ya mwalimu, ikabidi Karani mwenyewe amshikie kurasa na kumfunulia, moja baada ya nyingine, na mafundi wakazima mtambo mmoja ili waone vizuri kioja kile. Hadithi ilikwisha. Karani akauliza, "Sasa?" Baba akasema, "Nzuri. Ila ukurasa wa tisa, yule mwanamume anaomba msamaha haraka mno." Karani akazishusha zile kurasa. "Haraka kiasi gani?" Baba akajibu, "Mimi ilinichukua miaka minne." Wale mafundi wanasema Karani alicheka, akageuza uso asionekane, akacheka tena, au pengine haikuwa kicheko, na wiki iliyofuata alirudi na ukurasa wa tisa umekuwa kurasa tatu.

Tangu hapo, ndugu zangu, hawakuachana. Karani ameandika vitabu vinne, kila kimoja kikapita kwenye meza yetu ya kulia chakula kabla ya kwenda popote, na baba hakukubali jina lake litajwe hata kwenye shukrani, na hakugusa neno hata moja kwa mkono wake, alisema tu, na sheria yake ikawa hiyo kwa waandishi vijana wote waliomfuata nyumbani baada ya kustaafu mwaka 2009, aliwaambia, "Kosa ni langu kulisema, ni lako kulirekebisha." Watu walisema mengi, wapo waliomfuata mama na midomo iliyopinda kumuuliza kama haoni, mama akawajibu kwamba anaona sana, anaona watu wawili wasiopatana hata juu ya mkato, wakinywa chai yake yote, na kama hayo ndiyo mapenzi basi yeye na cherehani yake wangekuwa wameshafungishwa ndoa.

Kuhusu ugonjwa wake, tarehe 22 Oktoba 2017, akiwa nyumbani anatafuta miwani, marehemu alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea, na maneno yakamtoka yote isipokuwa machache, akawa anamwita mama, anasema ndiyo, hapana, na neno ngoja. Lililomvunja moyo zaidi halikuwa mkono wala ulimi, ni kwamba hakuweza kusoma tena, aliziona herufi lakini zilikataa kukaa pamoja, na tulipomshikia gazeti aliligeuza huku na huku, akaliweka chini, akalia mbele yetu kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Karani, ambaye naye ni mtu mzima sasa na magoti yanamsumbua, akaanza kuja Jumanne na Ijumaa kumsomea hadithi aliyokuwa akiiandika, na kwa kuwa baba hakuweza kubishana, Karani alibishana peke yake kwa niaba ya wote wawili, akisoma sentensi, akimtazama, akisema, "Najua unachotaka kusema, usiseme, hapana, haikatwi hiyo," na baba akitikisa kichwa, "Ngoja," na Karani akikasirika kwelikweli, akifungasha karatasi zake na kuondoka, na Ijumaa anarudi sentensi imekatwa.

Mwishoni mwa Julai mwaka huu wa 2019 mapafu yake yalidhoofika, akalazwa, na alasiri ya tarehe 9 Agosti, mama akiwa ameshika mkono wake wa kushoto na Karani anasoma upande wa pili, pumzi zikaanza kuja moja moja, zikazidi kuachana, zikakoma. Karani aliona, akanyamaza katikati ya mstari. Mama hakumwita mtu. Alibaki ameshika mkono ule, akamwambia Karani, "Malizia ukurasa, dada," na Karani akamalizia, kwa sauti ileile, mpaka chini, ndipo mama akanyanyuka akaita wauguzi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi ya wanaume, ambao walimsemesha marehemu kama mtu anayejibu, inawashukuru majirani waliobeba viti, maji na watoto wetu kwa siku zote hizi, wafanyakazi wa kiwanda cha uchapaji waliosimamisha mitambo ili waje, na waandishi, mliokatwa na mliokataliwa, ambao tunaona mmekuja wote, na tunajua baadhi yenu mna miswada mifukoni. Amemwacha mama, sisi watoto watatu na wajukuu watano.

Mtu mmoja tunamshukuru peke yake, naye ni mlinzi wa mlango wa wadi, ambaye saa zile zisizokuwa za wageni alikuwa na amri ya kuruhusu ndugu tu, na Karani alipofika akamuuliza, kama inavyompasa, "Wewe ni nani wake?" Karani angeweza kusema dada, angeweza kusema shemeji, wengi husema, lakini alisimama pale na karatasi zake, akafikiri, akasema, "Mimi ni mwandishi wake." Mlinzi akamtazama, hakuelewa, ametuambia mwenyewe kwamba mpaka leo hajaelewa, lakini akaona mwanamke yule hakutafuta neno jepesi la kumpitisha, akafungua mlango. Sisi nasi tumelitafuta neno la kumwita, katika yote yanayotumika baina ya watu wa nyumba moja, hatukulipata, na asubuhi hii alipofika hapa akaenda kukaa kule nyuma kabisa, kwenye viti vya wageni. Mama amemfuata mwenyewe. Mnamwona alipo sasa, mstari wa mbele, kulia kwa mama, na hapo ndipo familia imemweka.

Baba yetu, kazi yako imefika. Pumzika, upumzike kwa amani.